Vidonge Vitatu, Bahi

Nesi Damari alinihesabia kiganjani:
kimoja, viwili, vitatu,
vikavu, vyeupe kama chumvi ya mbugani.
"Meza hapa hapa nikikuona.
Sitaki uvifunge kwenye pindo la khanga."

Nikamwomba asubiri.
Dada yangu Mbeleje alikunywa Metakelfini
mwaka ule mafuriko yalipokata reli.
Homa ilishuka usiku uleule, tukashukuru.
Siku ya tisa midomo ikaanza kumenyuka,
kisha mgongo,
na dawa iliyosifiwa kwamba haitoki mwilini upesi
haikutoka.
Mama alimlaza juu ya shuka lililopakwa mafuta.

Kalamu ya Damari ikasimama juu ya kadi.
"Na wewe? Ulishawahi kumeza?"
"Mimba ya Chilewa. Mara tatu."
"Ukawashwa? Vipele?"
"Njaa tu."
Hakucheka.
Aliandika jina la Mbeleje pembeni, kwa wino mwekundu,
akaniuliza tena, polepole,
ndipo akanisogezea kikombe.

Nimemeza.
Nje majaruba yamejaa maji hadi kwenye tuta,
na mbu hawasomi kadi ya kliniki.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu wangu atakaa wiki baada ya wiki,
basi alishike leo leo,
apalilie damu yote, asiruke mstari,
na akifika alipolala mtoto
apite kwa ncha za vidole.

Kwa Mbeleje
mwenye nyumba ndiye aliyetangulia kutoka.
Mgeni alibaki ndani.