Hodi ya Umeme

Kila saa tano usiku
kebo nyeusi huteremka mbele ya dirisha langu,
hugonga kioo mara moja, mara mbili,
kisha huendelea na safari yake hadi chini,
hadi kwenye gari la Malkhazi
lililoegeshwa kando ya mapipa ya taka.

Yeye anakaa orofa ya nne. Mimi ya pili.
Kati yetu yupo Nanuli, asiyesikia vizuri,
asiyejua kwamba ampea ishirini
hulala kwenye kamba yake ya kuanikia nguo,
zimefungwa kwa utepe baina ya soksi na shuka.

Gari lilitoka Japani, mkono wa pili,
likashushwa bandarini Poti bila chaja.
"Ya dukani ni bei ya ng'ombe wawili," aliniambia ngazini,
"na ndani yake mna nini? Waya. Swichi. Jina la kampuni."
Akaunda yake ndani ya kopo la biskuti.
Kwenye kifuniko, watoto wawili wanaendelea kula.

Mimi nimefunga nyaya miaka ishirini na sita
katika kiwanda cha malori, humu humu Kutaisi,
mpaka majani yakaota katikati ya reli zake.
Vidole vyangu hupima shaba hata gizani.
Siku niliyoishika ile kebo
ilikuwa na joto la paji la mtoto mwenye homa.
Nyembamba, Malkhazi. Nyembamba mno.
"Mbona inafanya kazi, Lamara?"

Inafanya kazi.
Otia wa zamu ya usiku alisema vivyo hivyo
juu ya pampu isiyo na waya wa ardhi.
Sakafu ilikuwa na maji.
Tulimzika amevaa glavu, mkewe hakutaka tuione mikono.

Sikiliza, jirani.
Chaja ya kweli hupiga hodi.
Kabla ya kutoa hata tone la umeme huliuliza gari:
upo? plagi imekaa? waweza kubeba kiasi gani?
Husubiri kuambiwa karibu.
Na usiku kucha huuliza tena na tena,
na ikijibiwa kimya, hujiondokea.
Yako inaingia na viatu.
Tena jengo letu halina njia ya ardhi, waliolijenga walichoka,
na umeme uliopotea, usipooneshwa mlango,
utatokea kwako.

Akacheka. Akanipa zabibu za mama yake.

Ikaja mvua ya Machi.
Saa tisa usiku taa ya ngazini ikafifia,
pua yangu ikaamka kabla yangu:
plastiki, ile harufu tamu ya kabla ya moto.
Sikugusa kebo. Sikupiga kelele.
Nilishuka na ndala, gizani, nikihesabu vidato,
nikaivuta chini swichi kuu ya mlango mzima.

Milango ikafunguka. Nikatukanwa kwa sauti sita.
Malkhazi akaja na tochi, miguu mitupu.
Tukamwamsha Nanuli, tukatoka roshanini kwake:
kiungo kilikuwa kimeyeyuka kama nta,
na shuka lake lina tundu la kahawia
la ukubwa wa sarafu ya tetri hamsini.
Malkhazi akalipitisha kidole.
Akakitazama kidole upande wa pili, muda mrefu.
Nanuli akauliza nani ataoa.

Asubuhi aliliweka kopo mezani kwangu.
"Unene gani?"
Milimita sita, nikamwambia, na Guram mwenye leseni,
na fimbo ya shaba ardhini, pale penye mapipa,
na kile kidude kinachokata kabla moyo haujakatika.
Midomo yake ikahesabu miezi.

Siku hizi anachaji kwenye maegesho ya dukani,
anakaa ndani ya gari saa mbili, koti mwilini,
anakula alizeti.
Kopo nimelitia sukari.
Lakini saa tano ikifika
bado nakisikiliza kioo.