Kodi ya Gereji

Nilishuka na funguo mkononi, maneno nimeshayanoa:
miezi miwili, wanangu, na kelele za bure juu yake.
Usiku huo ulikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
moshi wa makaa ya mawe umelalia mitaa ya mahema
kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa,
na gereji yangu ya mabati ikitetemeka
kunishinda mimi.

Mimi ni Tserendulam, mshona majoho, mjane.
Chumba changu cha kushonea kiko juu yao.
Mara tatu wiki ile ngoma zao zilimwaga vifungo vyangu
kutoka rafuni.
Vya fedha, si vya plastiki.

Nikabisha. Nani asikie?
Nikausukuma mlango.

Walikuwa wanne. Wa ngoma kavaa glavu zilizokatwa vidole.
Sumiyaa ana gita jeusi na pua nyekundu.
Wa tatu anaimba kwa koo, yaani kwa tumbo,
yaani kwa pale marehemu baba alipokuwa akifichia kikohozi:
sauti moja chini, inaburuta mawe,
na juu yake nyingine, nyembamba,
filimbi isiyo na mpigaji.
Katikati, juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
msichana, Khongorzul,
fidla kaibana kwa magoti,
kichwa cha farasi kimechongwa mwisho wa shingo yake.
Nyuzi mbili.
Mbili tu, na zinabishana na umeme wa mtaa mzima
bila kuona haya.

Nikasahau tarakimu ya deni.

Sitadanganya, sikuipenda.
Ni kama kumkuta dada yako mliyepoteana miaka
kavaa koti la ngozi, kapanda pikipiki,
na bado anacheka kwa pengo lile lile.
Mwendo ule niliujua.
Si shoti, si telki,
ni ule wa katikati, wa farasi anayeshuka mlima peke yake
akijua maji yako wapi.

Walipotua, neno langu la kwanza halikuwa kodi.
"Huo uzi wa kike ni nailoni."
"Singa ni ghali, mama."
"Unalia kama paka."
"Tunajua," akasema Khongorzul.

Nikapanda juu. Chini ya kitanda, nyuma ya cherehani mbovu,
mna gunia la unga lisilo na unga.
Mwaka wa zudi barafu ilifunga nyasi kama kifuniko,
kondoo wetu mia mbili na arobaini wakafa wamesimama.
Yule mwekundu alikuwa wa mwisho.
Hakuwa na jina; kwetu farasi huitwa kwa rangi yake.
Mume wangu aliukata mkia,
akaufunga kwa kitambaa cha buluu,
fuvu akalipandisha kilimani, uso mashariki.
Fidla aliiuzia hoteli.
Iko ukutani hadi leo, juu ya meza ya mapokezi,
inaangalia watu wakisaini.

Alikuwa dume, yule mwekundu.
Uzi wa kike hutaka singa za jike.
Mume wangu angenuna siku mbili.
Nikazihesabu hata hivyo, chini ya taa ya kushonea,
mia moja na tano, kisha tena kutoka mwanzo,
kwa sababu ya tisini macho yaliniharibikia.

Khongorzul aliukaza uzi polepole, sikio kwenye mti.
Hakuna aliyekohoa.
Akavuta upinde mara moja.
Sauti ikatoka na mikwaruzo, na vumbi,
kama mtu aliyenyamaza miaka kumi na minne
akiulizia maji.

Kisha wa ngoma akahesabu, moja, mbili,
na mabati yakaanza.

Deni limo daftarini, kwa kalamu nyekundu, sijalifuta.
Kule juu nikasikia vifungo vikianguka,
kimoja, kimoja, kisha rafu nzima.
Nikavuta ndoo nyingine ya rangi.