Kiti cha Nyuma

Muuguzi alisema: bila kiti cha mtoto hamtoki.
Nje Winnipeg inauma,
Januari, thelathini na moja chini ya sifuri,
mate yanaganda kabla hayajagusa lami.

Mimi Danylo, miaka kumi na tisa,
niliyefungua magari ya watu kwa bisibisi
nikihesabu: moja, mbili... kumi na mbili, injini inanguruma.
Hata gari la padre. Nililitelekeza ukingoni mwa mto,
tangi tupu, rozari ingali inaning'inia kiooni.

Kumi na mbili!
Leo nusu saa nimepiga magoti kwenye theluji,
kichwa ndani ya gari la mama mkwe,
mkanda huu hauingii tundu lile,
vidole vimekufa ganzi,
kijitabu cha maelekezo kimelowa, na yule baba wa katuni
ukurasa wa tatu anacheka. Chake kimekaza.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Wangu ulianzia magotini.

Simu ikatetemeka. Brody.
"Kuna Lexus nyeusi, Mtaa wa Selkirk,
mwenyewe kaiacha inaunguruma ipate joto.
Dakika mbili, kaka. Pesa ya nepi mwaka mzima."
Pesa ya nepi. Anajua pa kushika.
Sikumjibu.
Nisiongope: nilitazama upande wa Selkirk.
Nilitazama sana.

Msimu wa baridi uliopita niliiba gari la familia fulani.
Nyuma kulikuwa na kiti kama hiki, cha kijani,
makombo ya biskuti mikunjoni,
soksi moja, ndogo kama kidole gumba changu.
Nilikirusha nje kwa kuwa kilinibana nafasi.
Kile kilifunguka mara moja.
Kufungua nilijua.
Kufunga ndiko sikufundishwa.

Kisha, sijui nilibonyeza wapi, kikalia: ta!

Muuguzi akakitikisa kwa mikono miwili, kama anakichukia.
Hakikucheza.
"Haya," akasema, akaingia ndani kwenye joto.

Josée akaja na Stefka, uso umekunjwa kama ngumi.
Mama yake akashika usukani.
Mimi sina leseni. Sijawahi kuwa nayo.
Nikakaa nyuma, nilikokuwa sijawahi kukaa,
mkono juu ya blanketi, nikihesabu pumzi,
nikipotea, nikianza upya.

Kwenye Selkirk taa ikawa nyekundu.
Ile Lexus ipo, moshi mweupe nyuma yake,
inamsubiri mwenyewe.
Stefka akapiga chafya.