Mkono wa Tatu

Dalali Shomvi aliizunguka nyumba mara mbili,
akigonga kuta kwa fundo la kidole
kama anayechagua tikitimaji,
akasema: mali ipo, ila imevaa vibaya.
Geti lipigwe rangi. Choo kipate vigae.
Bati la jikoni lile, lishushwe.
Mpapai ukatwe, unaula uwanja.
"Tieni milioni nne, mtavuna kumi na tano juu.
Hati ipo?"
Leseni ya makazi, nikasema.
"Hiyo tutaitaja mwishoni."

Kisha akasimama nje, upande wa barabara,
akacheka kwa pua.
"Na hili, jamani. Hili ndilo la kwanza."

NYUMBA HII HAIU
halafu dirisha
halafu ZWI.

Mwandishi hakupima.
Ukuta ulimwishia katikati ya neno.
Mama alimlipa elfu tatu na sahani ya wali,
mwaka ule tuliporudi kutoka arobaini ya baba
tukawakuta wanaume wawili na futi ya kamba
wanapima sebule yetu,
wakatuamkia kwa adabu,
karatasi yao imeshiba mihuri.
Nyekundu ya mafuta, masalia ya geti la jirani.
Tangu hapo, akitoka sokoni Tabata,
mama alilitafuta neno kwanza,
mlango baadaye.

Ni yeye aliyesema uzeni.
Alilala ubavu, uso kwenye ukuta wa wodi,
akasema figo haingoji mvua za vuli,
akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa.
Pazi alilia kwenye simu, akiwa Tunduma,
kisha akatuma laki sita.
Sikudhani akatuma godoro la mgonjwa.
Mimi nina mikono. Nikabaki na fundi.

Fundi Mlekwa alianza ndani.
Kando ya luku kulikuwa na namba za penseli,
tarakimu ishirini, ishirini, ishirini,
miaka ya umeme uliokwisha kuliwa,
mwandiko wa mama ukipanda kama siafu hadi kwenye boriti.
Zile zilitoweka kwa mkono mmoja tu.
Sikuwahi hata kuzipiga picha.

Nje ilikuwa kazi.
Mkono wa kwanza, maneno yakawa ya waridi,
rangi ya ufizi wa mtoto.
Mkono wa pili, yakapotea kabisa,
tukanywa soda, tukasifiana.
Asubuhi jua la Kimanga lilipokausha ukuta
yakarudi, taratibu, HAIU kwanza,
kama mtu anayekohoa kabla ya kubisha hodi.
Mlekwa akajikuna kisogo.
"Nyekundu ya zamani haizikwi kwa rangi ya maji.
Mkono wa tatu tupige wa mafuta.
Elfu themanini."
Sikuwa nazo.

Mnunuzi akaja hivyo hivyo, siku moja kabla ya ahadi,
Bi Ng'washi, muuza dagaa wa Kirumba,
kilemba cheupe, viatu mkononi kwa sababu ya tope.
Vigae hakuvitazama.
Jikoni aliuliza maji yanatoka siku zipi.
Pale ulipokuwa mpapai aliuliza ulikuwa dume au jike,
nikasema jike, akatikisa kichwa,
akapunguza laki mbili papo hapo.

Nje akapapasa ukuta kwa kiganja,
herufi baada ya herufi, akavuka dirisha, akamaliza.
Shomvi akawahi: "Hiyo ni ya kufutika, mama, kesho tu..."
"Nani amekwambia ifutwe?
Hivi mnajua nimeshatapeliwa viwanja vingapi mji huu?
Nikishalipa, nitaipitishia rangi mwenyewe."

Jioni nikampigia mama.
Akanyamaza. Nikasikia feni ya wodi,
na mtu wa kitanda cha pili akiomba maji.
Kucha zangu zilikuwa bado nyeupe.

"Sawa," akasema.
"Ila mwambieni fundi wake
safari hii apime kwanza."