Mwaka wa Karanga

Masijala yetu hapa Urambo ilikuwa na harufu yake:
vumbi, gundi, mkojo wa panya,
majalada yamefungwa kamba ya katani.
Miaka ishirini na sita nimeingia humo bila taa.
La Msabila lina doa la asali.
La Nyanzala limetafunwa pembe.

Kisha zikaja kompyuta nne
na kijana Mihayo, shati limenyooka kuliko maelezo yake.
Akanipa nywila. Nikaiandika kiganjani,
nikazalisha, nikanawa, ikaenda na sabuni.
Mara tatu.
Ya nne hakusema neno: aliiandika kwenye plasta
akaibandika chini ya meza.

Kidole kimoja. Herufi moja. Foleni inakohoa.
"Zamani, Sista, ulikuwa unatutazama usoni,"
akasema baba mmoja, vidole vyeusi kwa utomvu wa tumbaku,
nami naitafuta Y ilikojificha.

Akaja Bibi Kashindye, presha imepanda.
Tarehe ya kuzaliwa?
"Mwaka wa karanga.
Wazungu waling'oa miti yetu kwa matrekta
wakapanda karanga, karanga zikawakataa.
Mama alinizaa trekta linanguruma."
Nikachapa. Kisanduku kikawa chekundu.
Mihayo akainama: "Weka Januari mosi, mama.
Tunawawekea hivyo."
Kufika saa nane mchana
nusu ya Urambo ilikuwa imezaliwa siku moja
na mkunga ni mimi.

Ila chini kabisa palibaki upenyo:
Maelezo mengine.
Humo nikachapa, kidole changu kilekile: karanga.

Wiki ya pili bibi akazidiwa, gari likamkimbiza Kitete.
Usiku, simu. Daktari, sauti changa, ina haraka.
Ameshaona vipimo, dawa, hata presha ya Jumanne,
machela haijafika mlangoni.
(Hilo nililimeza kimya.
Jalada langu lingefika baada ya matanga.)
"Lakini Sista, hii karanga.
Ana mzio? Akila anavimba?"

"Hapana, daktari.
Huo ni umri wake."

Akanyamaza.
Nikamsikia anahesabu.