Ila

Duka langu liko chini ya ngazi sita, mtaa wa Viazi, mjini Tartu,
na theluji ya Februari imeziba nusu ya dirisha;
wapita njia nawajua kwa viatu tu.
Wachache husimama. Wanunuzi wako mbali,
hawana viatu, hawana sura,
ni jina, anwani, na senti zilizoingia usiku.

Leo nafungua sanduku la nane la marehemu Endel Raudkivi,
daktari wa mifugo.
Binti yake alisema: chukua yote, nyumba inauzwa,
akahesabu noti zangu bila kuvua glavu.

Kazi ni hii. Nanusa kwanza.
Ukungu hunuka kiazi kilichosahauliwa, na hauna bei.
Kisha naupapasa uti, naujaribu mshono,
nahesabu kurasa kama mkunga ahesabuvyo vidole,
halafu naandika ila zote, moja moja,
maana kizuri hakikosi ila,
na mnunuzi wa mbali hana jicho ila langu.

Kona ya juu imechubuka.
Gamba la karatasi halipo: bei ishuke nusu.
Muhuri wa maktaba ya shamba la ushirika: ishuke tena.
"Kwa Aino, tusameheane, 1961." Ishuke.
Toba ya mtu asiyejulikana, sokoni, ni doa.

Kwenye skrini mashine mbili zinagombania
kitabu kimoja cha kufuma soksi:
hii inashusha senti moja, ile inashusha senti moja,
usiku kucha zinakimbizana kwenda chini
mpaka kitabu kimekuwa rahisi kuliko bahasha yake.
Na pembeni pale mtu ameweka hichohicho yuro mia tisa.
Mwaka wa nne sasa. Nadhani hataki kukiuza.
Wahenga walisema chema chajiuza.
Hawakuwahi kununua stempu.

Chini kabisa ya sanduku, kitabu cha ufugaji nyuki,
jalada la kitambaa kijani, toleo la pili, si adimu.
Yuro kumi na mbili, nikasema;
kumi na nne, nikiingiwa na tamaa.
Nikakifungua.

Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa mwanamke
(wa daktari naujua sasa, umelala kama nyasi zilizokanyagwa):
"Mei 19. Kundi limehama, limetua kwenye mtufaha wa jirani."
"Juni 2. Ants kaumwa jichoni, kacheka."
"Agosti. Asali kilo thelathini na moja."
Mwaka uliofuata: "Mzinga wa tatu kimya."
Mwaka uliofuata: "Ants hayupo. Nimewaambia nyuki."
Baada ya hapo kurasa ni nyeupe mpaka faharasa.

Kanuni iko wazi: maandishi ya mkono, punguza.
Nikakaa na kifutio kiganjani.
Dakika ishirini tu, na kumi na nne ingekuwa kumi na nane.
Birika likapiga mluzi, nikaliacha lipige.
Nikaandika: yuro mia moja na arobaini.
Bei ya kufukuzia watu.
Na chini yake, kwa uaminifu:
penseli pembeni, kurasa sitini na mbili.

Saa tatu usiku ujumbe ukaja kutoka Võru,
mtu anaitwa Tiidrik, hakusalimia:
"Hiyo penseli ipo yote? Kama umefuta, sitaki."
Ipo, nikajibu.
Akalipa. Hakuomba hata senti ipungue.

Asubuhi nafunga. Karatasi laini, kadibodi, utepe wa gundi,
gramu mia nne na themanini kwenye mizani ya jikoni
ambayo bado ina unga ukingoni.
Nilidhani nimetia komeo.
Sijui sasa nimempunja nani,
yeye, au yule mwanamke, au nafsi yangu.
Nafungua kifurushi,
nasoma Mei 19 mara nyingine,
nafunga upya. Gundi haishiki vizuri mara ya pili.
Dirishani vinapita viatu vya mtoto, vyekundu,
kimoja hakina kamba.