Usiandike Jina

Walikuja na gari nyeupe kutoka Chake,
wakashusha maboksi mawili, mizani ya kupimia watu,
na ubao wa kimo tuliouegemeza mlangoni,
pale pale fundi Shaame alipousahau msumari wake.
Mkubwa wao, kijana mpole, akasema:
"Walimu, tunaomba mtupishe."

Tukapisha. Nikakaa barazani na madaftari ya insha,
naisikia sauti yake, swali baada ya swali,
kama anayewapigia watoto imla:
Usiandike jina lako. Hakuna jibu la kosa.
Hapo wakacheka. Miaka saba ya skuli
hawajapata kuambiwa hivyo.

Katika siku thelathini zilizopita, ni mara ngapi
ulishinda na njaa kwa sababu nyumbani hamkuwa na chakula?
Kijiji chetu kinaitwa Maziwang'ombe.
Mimi sikucheka.

Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi
uliushughulisha mwili kwa dakika sitini au zaidi?
Nikamsikia Faki, hajui kunong'ona huyu:
"Kugonga kokoto kunahesabiwa?"
Kimya. Karatasi zikafunuliwa, zikafunikwa.
"Andika unavyoona wewe," akajibu kijana wa watu,
nami barazani nikamwonea imani,
maana hilo kwenye mwongozo wake halimo.

Una marafiki wangapi wa karibu?
Sina. Mmoja. Wawili. Watatu au zaidi.
Swali dogo, nikadhani litapita mbio.
Lilichukua muda kuliko lile la njaa.

Baada ya adhuhuri ikawa zamu ya mizani.
Hamadi alipanda kwa madaha, akashuka kwa aibu:
tulimtoa mifukoni kilo mbili za kokoto.
Hakutaka kuandikwa mwepesi.
Wasichana walivua viatu, mwani mkavu
ungali umewaganda visiginoni,
na yule kijana akawa anaandika, anaandika,
mwani hana pa kuuandika.

Jioni akaniomba nimsaidie kuhesabu fomu.
"Hesabu tu, Mwalimu. Usisome."
Wallahi sikusoma. Ila jicho halina kitasa.
Ya ishirini na sita, kwenye swali la marafiki,
aliyeijaza ametia alama penye *Sina*,
kisha pembeni, pasipotakiwa maneno, akaandika:
*Nilikuwa naye. Wamehamia Unguja.*

Ile h iliyopinda mgongo
nimeisahihisha kwa wino mwekundu tangu darasa la tano.
Nyoosha, namwambia. Nyoosha, mwanangu.
Hainyooki.

Nikaigeuza karatasi kifudifudi.
Ishirini na saba. Ishirini na nane.
Zilitimia thelathini na nane, bahasha ikatiwa gundi,
gari ikaondoka na vumbi lake.
Huko iendako atakuwa sehemu ya asilimia,
na asilimia haina mgongo.

Asubuhi nikapanga upya madawati.
Nikasema jua linawachoma wa dirishani.
Nje ilikuwa mvua ya vuli, inapiga bati
hata sauti yangu siisikii,
na darasa zima likaniangalia
kama mtu aliyeamka na homa.
Nikamhamishia ubavuni mwa Time Kombo,
asiyenyamaza hata kwenye mtihani.

Sijui kama hiyo ni dawa.
Mimi sikupewa fomu, hakuna aliyeniuliza.
Saa ya mapumziko nikachungulia:
Time anasema, anasema, mikono yote miwili hewani,
na mwenziwe, jina silitaji,
anamega muhogo wa Time
bila kumwangalia.